Kiingereza Darasa la Kwanza, au la Tatu?

Kila Januari maduka ya sare na madaftari katika mitaa ya Mirongo, hapa katikati ya Jiji la Mwanza, hujaa wazazi, na ubishi wao ni uleule: mtoto aende Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, au ingilishi midiamu ya kulipia ada? Anayetetea ada ana hoja moja anayoishika kama imani. Lugha hufundishwa utotoni, mtoto akichelewa ulimi unakuwa mzito.

Serikali nayo imeubishania umri wa kuanza Kiingereza kwa njia yake. Mtaala wa 2015 uliwaachia darasa la kwanza na la pili KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, Kiingereza kikasubiri darasa la tatu. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umekirudisha darasa la kwanza. Kifaransa, Kiarabu na Kichina navyo vimewekwa vya hiari kuanzia la tatu, ingawa kumpata mwalimu wa Kichina huko Kwimba ni hadithi nyingine.

Hoja ya ulimi mzito ina wazee wake. Mwaka 1967, mwaka uleule wa sera ya Elimu ya Kujitegemea, mtaalamu wa lugha Eric Lenneberg alichapisha kitabu kilichodai kwamba wepesi wa kuipata lugha hufifia mtu anapobalehe. Lakini mtoto aliyekuwa akimzungumzia ni yule anayeisikia lugha kutwa nzima. Huko Barcelona, mtafiti Carmen Muñoz na wenzake waliwalinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na miaka 8 na walioanza wakiwa na miaka 11. Walipofikisha idadi sawa ya saa darasani, wale wakubwa ndio waliokuwa mbele.

Sasa mchukue mtoto wa Mirongo. Nyumbani Kiswahili, sokoni Kiswahili, na likizo akipelekwa kwa bibi Magu anakuta Kisukuma. Kiingereza anakisikia vipindi vichache kwa wiki, kutoka kwa mwalimu mmoja. Mtoto wa miaka sita ni mwigaji hodari, kweli, na huiga kila kitu: kama mwalimu anakosea, kosa nalo litakaa. Tena ndiyo kwanza ameshika a, e, i, o, u zinazosomeka namna moja kila mahali. Kabla hazijamkolea, anaambiwa kwamba kuna somo ambamo herufi e inaitwa i, na a haitabiriki kabisa.

Kando ya Ziwa Victoria kuna mtu wa kukumbukwa katika ubishi huu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896, alikipata Kilatini akiwa kijana katika seminari ya Rubya, na alijua lugha nyingine za Ulaya pia. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya kwa Kikerewe, baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaichapa mwaka 1980, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuna aliyempa Kilatini chekechea. Alipewa miaka ya masomo na mapadri walioimudu lugha hiyo.

Hata hivyo simcheki mzazi anayelipa ada. Ada anayoilipa chekechea, kwa hakika anailipia kidato cha kwanza. Mtoto wa Kayumba husoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha ghafla fizikia, historia na mtihani vyote vinakuja kwa Kiingereza. Mwaka 1984 Criper na Dodd, waliochunguza shule zetu, walikuta kwamba karibu asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na Kiingereza cha kutosha hata kuanza kusomea masomo mengine. Miaka miwili kabla, Tume ya Makwetta, iliyoichunguza elimu yetu, ilikuwa imependekeza Kiswahili kiingie sekondari kama lugha ya kufundishia. Serikali ikakataa. Mlango ule ungefunguliwa, sidhani kama maduka ya Mirongo yangebishania mtoto wa miaka mitatu.

Kwa kuwa haujafunguliwa, mimi ningemweka mwalimu bora wa Kiingereza darasa la tano na la sita, vipindi kila siku, badala ya kumsambaza kwa vipande kuanzia la kwanza. Na mzazi anayekwenda kukagua shule ya kulipia asitazame rangi ya basi. Asimame uwanjani wakati wa mapumziko, asikie walimu wanasemezana kwa lugha gani.