Kazi za Sheria (Sehemu ya Tatu): Wakili wa Jeshi Hapitii Uwanjani

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu mahakimu na viongozi wa mashtaka. Tangu hapo swali linalonifikia zaidi kutoka Litein, Sotik na Kapsoit ni moja: mtoto anayetaka kuwa mwanasheria wa jeshi aanzie wapi?

Kwa wazazi wengi wa nchi hii ya majani chai, jeshi ni ile siku moja ya usajili wa makurutu. Vijana hufika alfajiri uwanjani Kericho, wakakimbia, wakapimwa kimo na uzani, wakakaguliwa meno na nyayo, na jioni wachache wakaondoka na barua ya kuripoti kwenye chuo cha makurutu, Eldoret. Mwenye ndoto ya uwakili akipita hapo atapata kazi ya heshima, ila si ile aliyoitaka. Kwa kawaida wakili wa jeshi huwa wakili kwanza, ndipo akawa askari.

Safari yenyewe ni ndefu. Shahada ya sheria huchukua miaka 4, na wa huku hawalazimiki kwenda mbali, maana Chuo Kikuu cha Moi kinaifundisha Eldoret, na Kabarak iko Nakuru. Masharti ya kujiunga yamekuwa wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili kinatosha, jambo ambalo walimu wengi hawawaambii wanafunzi wao. Baada ya shahada kuna Kenya School of Law, mtaani Karen, Nairobi: masomo 9, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria ambayo huwarudisha wengi mara ya pili na ya tatu, na uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili mzoefu. Ndipo mtu huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuandikwa katika daftari la mawakili.

Hapo sasa asubiri tangazo la maafisa wataalamu, lile linalowatafuta pia madaktari, wahandisi na viongozi wa dini. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaja umri usiozidi 30, kwa hiyo aliyerudia mitihani mara kadhaa ajihesabie vizuri. Vipimo vya mwili haviepukiki: kimo kisichopungua mita 1.60, na uzani wa kilo 54.55 kwa mwanamume au 50 kwa mwanamke. Kisha ni Chuo cha Kijeshi cha Kenya, Lanet, ambako gwaride halijui shahada ya mtu.

Wengi wetu kazi hii tumeijua kwa filamu za Marekani, ambako ofisi ya wakili wa jeshi ilianza 1775, enzi za George Washington. Na walio na watoto kule wajue kwamba kadi ya ukaazi humruhusu mtu kujiandikisha kama askari wa kawaida tu. Wakili wa jeshi ni afisa, na afisa sharti awe raia.

Hapa kwetu, mahakama ya kijeshi imewahi kuogopwa kwa sababu nzuri. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wanajeshi wa angani walihukumiwa kwa kasi, na kamanda wao, Meja Jenerali Peter Kariuki, akafungwa miaka 4 mwanzoni mwa 1983. Ilichukua takriban miaka 30 kwa mahakama za kiraia kusema kwamba haki zake zilikiukwa na kuamuru alipwe fidia. Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 169 kiliiweka mahakama ya kijeshi chini ya Idara ya Mahakama, sawa na mahakama za mahakimu. Sheria ya Jeshi la Ulinzi ya 2012 ikaongeza kwamba anayeiongoza ateuliwe na Jaji Mkuu, awe hakimu au wakili wa miaka 10 au zaidi. Pembeni yake huketi wanajeshi, wasiopungua 5 mshtakiwa akiwa afisa, au 3 akiwa askari wa cheo cha chini.

Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hana mkono humo. Katiba imeitoa mahakama hiyo katika mamlaka yake. Mashtaka huendeshwa na mawakili wa jeshi lenyewe, na rufaa huenda Mahakama Kuu. Uzito wa kazi hiyo ulionekana Mtongwe, Mombasa, mwaka 2014, wanamaji waliotoroka kwenda kufanya kazi za ulinzi Mashariki ya Kati walipohukumiwa vifungo vya maisha. Rufaa zao zilisikizwa na majaji wa kiraia.

Lakini kesi ni sehemu ndogo. Askari wakivuka mpaka, kama walivyoingia Somalia Oktoba 2011, lazima awepo wa kumwambia kamanda ni shabaha gani inaruhusiwa na sheria za vita, na mateka watunzwe vipi chini ya Mikataba ya Geneva ya 1949. Na Juni 2024, serikali ilipowatoa wanajeshi kusaidia polisi wakati wa maandamano ya vijana, Chama cha Mawakili kilikimbilia Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi aliwaruhusu wabaki, ila akaitaka serikali itangaze rasmi eneo, muda na mipaka ya kazi yao. Kwa maoni yangu, wakili wa jeshi hupata mshahara wake siku kama hizo, anapomwambia mkubwa wake kwamba amri fulani haina msingi. Anamwambia akiwa wima, kwa saluti, naye huyo mkubwa ndiye anayeweza kumpandisha cheo. Asiyeweza kusema hivyo abaki na kesi za mashamba Bomet.

Ajue pia anachokiacha. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kadhaa za mwanajeshi zipunguzwe, zikiwemo za faragha, kukusanyika na kudai maslahi kazini. Wakili aliyezoea kuandamana na wenzake itambidi azoee kunyamaza.

Kuhusu wanaouza nafasi: mzazi aliyepokea bonasi ya chai mwezi Oktoba asimpe mtu hata shilingi. Usajili ni wa bure, na kila mwaka huko Eldoret vijana hukamatwa langoni wakiwa na barua bandia walizouziwa.

Upande wa mshtakiwa, hasa namna familia ya Bomet inavyoweza kumtafutia askari wao wakili wa kiraia kesi ikiketi Mombasa au Nanyuki, nitauandikia juma lijalo.