Waliorudi Masasi

Wanafunzi wengi hudhani kwamba habari za Waisraeli waliohamishwa Babeli ni za kale mno, wala hazituhusu sisi wa Tunduma. Lakini jambo la namna hiyo lilitokea katika nchi hii yetu, na mahali penyewe ni Masasi.

Kwanza tuikumbuke Babeli. Mnamo mwaka 586 K.K. Wakaldayo waliubomoa mji wa Yerusalemu na hekalu lake, wakawachukua watu. Hao walikuwa wamezoea kumtolea Mungu dhabihu mahali pamoja, na sasa mahali pale hapakuwapo. Basi wakashika vile viwezavyo kubebwa, yaani sabato, sala na maandiko. Mfalme Koreshi alipotoa ruhusa ya kurudi, mwaka 538 K.K., wengi wa waliorudi walikuwa wamezaliwa ugenini. Hata Ezra alipowasomea Torati ilibidi wafafanuliwe maneno.

Sasa twende Masasi. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa ilishuka Kilwa, na wengi wakavushwa hadi Unguja. Wayao, kwa mfano, waliwaomba wazee wao waliokufa kwa kuweka unga chini ya mti. Je, mtoto aliyeuzwa Unguja ataweka unga chini ya mti upi? Makaburi ya babu zake yako mbali, na pengine hata jina la kijiji amelisahau. Nadhani swali hilo liliwafungulia wamisioni mlango kuliko mahubiri yao.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka na kundi la waliokombolewa, akikusudia kuwarudisha kwao karibu na Nyasa. Hawakufika ziwani, walikaa Masasi, wakajenga na kulima. Walisemwa wamerudi, lakini walisali kwa Kiswahili, tena mbele ya wenyeji wenye lugha zao na matambiko yao. Mwaka 1882 Wangoni wakaushambulia mji ule, wakaua watu na kuteka wengine. Watu waliokwisha kombolewa wakawa mateka mara ya pili!

Miongoni mwa waliolelewa Unguja alikuwa Cecil Majaliwa, Myao, naye alikuwa mtumwa zamani. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misioni ile, akafanya kazi Chitangali kati ya Wayao wenzake.

Hapa ndipo Masasi na Yerusalemu zinapoachana. Ezra aliwaamuru waliorudi wawaache wake zao wa mataifa mengine, ili dini isichanganyike. Masasi mambo hayakwenda hivyo. Vijana waliobatizwa waliendelea kutaka jando, kwani asiyeingia jandoni alihesabiwa mtoto siku zote. Mwishowe Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1926, pamoja na mapadre Waafrika, walilikubali jando lenyewe, na sala za Kikristo zikachukua mahali pa matambiko ya wazee.