Riwaya za Kusoma Wakati wa Kulinda Mahindi

Katika upande huu wa Kiminini, ambapo barabara kuu itokayo Kitale hupita kuelekea Kamukuywa na Webuye, mwaka wa watu hupimwa kwa mahindi: hupandwa mvua za Machi na Aprili zianzapo, huvunwa tokea Oktoba, na baada ya kupukuchuliwa humwagwa juu ya turubai uani, yaanikwe mpaka unyevu wake ushuke hata asilimia 13.5, ambacho ndicho kipimo cha maghala, ingawa mnunuzi wa sokoni hana haja ya chombo cha kupimia, kwani hutia punje mdomoni, akaiuma, akatoa hukumu. Siku hizo huzuka kazi moja isiyo na ujira wala jasho, nayo ni kuketi kivulini na fimbo, kufukuza kuku na mbuzi, na kulitazama kila mara wingu lijikusanyalo upande wa Mlima Elgon. Kazi hiyo aghalabu hupewa wazee na watoto, na mimi, ambaye umri umeniingiza katika kundi la kwanza bila ya kunitaka shauri, niliifanya msimu uliopita kitabu kikiwa gotini. Riwaya nitakazozitaja nilizisoma, au nilizirudia, hapo penye turubai, na nazitaja kwa ajili ya nyumba zilizo mithili ya yangu, ambamo chini ya paa moja hukaa mtoto wa gredi ya tano, kijana wa sekondari, mama mwenye meza sokoni, na mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Kabla ya hapo sina budi kueleza uchungu wangu. Kwetu sisi riwaya ya Kiswahili huingia nyumbani kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa mtihani. Utengano, Mwisho wa Kosa, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri, Nguu za Jadi: mtajie majina hayo mtu aliyepita sekondari, naye kwa kile alichotahiniwa atakufahamisha, pasi na kukusudia, alimaliza shule miaka gani. Fauka ya hayo, wengi hawakisomi hata hicho kitabu teule chenyewe, bali husoma mwongozo, kile kijitabu cha kutaja wahusika, maudhui na tamathali za usemi, na siku mtihani unapokwisha vyote viwili huuzwa kwa mwanafunzi wa kidato kinachofuata, au huchanwa kurasa za kufungia njugu. Sikatai kwamba mtihani una faida zake. Lakini mtu aliyekutana na riwaya kwa njia hiyo peke yake hajapata kuisikia ladha yake, na si ajabu akapita miaka arubaini bila ya kufungua nyingine.

Ajabu ni kwamba mwandishi aliyetutia wengi katika mapenzi ya riwaya alitoka katika ardhi hii hii. Ken Walibora alizaliwa Baraki, Bungoma, mwaka 1965, akalelewa huku Trans Nzoia, na alipofariki Nairobi mwezi wa Aprili mwaka 2020 alirudishwa kuzikwa katika wilaya hizi zetu. Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, yamhusu Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, ambaye baada ya mama yake kufa na mateso kumzidi afunga safari ya kumtafuta baba asiyemjua, na safari yenyewe yamtoa pwani ikamleta mpaka Kitale. Msomaji wa mjini huenda akaiona Kitale hiyo kuwa jina tu katika ramani. Msomaji wa Kiminini huijua baridi ya asubuhi yake, na hapana raha kubwa kwa msomaji kama kukuta pahali pake pametajwa katika kitabu kwa heshima. Aliyeisoma kwa mtihani na airudie, sasa ambapo hakuna mtu wa kumwuliza maudhui.

Walakini kwa mtu mzima wa sehemu hizi ningetanguliza Kufa Kuzikana, ya mwaka 2003. Humo mna urafiki wa vijana wawili wa makabila yanayochukiana, Wakanju na Wakorosho, na mwenye kujua lugha atacheka kabla ya kulia, maana mkanju na mkorosho ni mti mmoja wenye majina mawili. Walibora aliandika hayo miaka minne kabla ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo Trans Nzoia iliyaonja kwa moto na kwa watu kukimbia makwao. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani mwandishi ametia chumvi. Niliporudia msimu uliopita, nilifunga kitabu nikaenda kuyageuza mahindi ambayo yalikuwa hayahitaji kugeuzwa. Atakayetaka kuendelea na habari hiyo na aingie katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambayo yafunguka kwa mtu aliyesimama katika majivu ya nyumba yake. Nayo pia imeonewa na mtihani, kwani ni riwaya ya kusomwa polepole na watu waliopoteza kitu.

Kwa watoto nasema hivi: wasomewe kwa sauti, na wasomewe Adili na Nduguze. Shaaban Robert aliitoa mwaka 1952, na ingawa lugha yake ni ya Tanga ya zamani, kisa chenyewe kina nguvu ya hekaya za Alfu Lela Ulela: liwali mwenye sifa ya wema kila usiku huwatoa manyani wawili akawapiga, kisha akawafuta machozi na kuwalisha, na mjumbe wa mfalme aliyelala kwake amwona kwa siri. Mjukuu wangu alinikatiza papo hapo, "Kuka, kwani hao manyani wamekosa nini?" nikamjibu kwamba yatupasa kungoja kama alivyongoja mfalme. Usiku ule hakuna aliyetaka kwenda kulala. Maneno magumu yamo, tena mengi, lakini sikumfungulia kamusi. Mtoto husamehe neno asilolijua maadamu anataka kujua yatakayotokea. Wanaoanza kujisomea wenyewe wanaweza kupewa Mkasa wa Shujaa Liyongo wa Bitugi Matundura, na walio karibu na ujana Ndoto ya Amerika ya Walibora, ambayo ilimpatia tuzo ya Jomo Kenyatta.

Vijana wa kiume, ambao walimu hunung'unika kwamba hawasomi, husoma sana kama kuna maiti katika ukurasa wa kumi. Kwao hao niliteremsha rafuni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibari. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la hadithi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa 1960, ndiyo iliyomleta duniani Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na akili kichwani, ambaye watu humfananisha na Sherlock Holmes, ingawa mimi naona ana ucheshi ambao Mwingereza yule hakujaliwa. Baadaye zilikuja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, na Siri ya Sifuri ya mwaka 1974, ambayo kwangu mimi ndiyo bora kwa jinsi inavyofumwa. Wakulima wenzangu watapenda kujua kwamba bwana huyu, kwa miaka mingi, alikuwa mhariri wa gazeti la kilimo lililoitwa Mkulima. Kijana mwenye kutaka bastola na mbio zaidi ya mantiki na ampokee Joram Kiango wa Ben Mtobwa katika Tutarudi na Roho Zetu?, wala mzazi asiingie hofu: mlango huo ni mwembamba, lakini unaingiza nyumbani.

Mama wa nyumba yangu hakutaka maiti. Alichukua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, yenye Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mzee mwenye duka, naye akakimbia. Na kwa siku tatu chakula cha mchana kilichelewa, jambo ambalo nalitaja kwa ushahidi, si kwa lawama. Filamu yake iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021 ni nzuri, lakini kitabu kina harufu ya vichochoro ambayo kamera haikuinasa. Baada yake alisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, habari ya binti wa Ukerewe aliyechungwa na baba kwa fimbo hata alipofunguliwa asijue kujichunga. Zamani ilipigwa marufuku shuleni. Mimi ningewapa akina baba kwanza. Ama Nagona ya mwandishi yuyo huyo, nimeifungua mara tatu na mara tatu nimeifunga. Wenye ilimu huisifu, nami siwapingi, ila haifai mtu mwenye kuku wa kufukuza.

Zipo nyingine ambazo nafasi hainiruhusu kuzieleza ipasavyo: Walenisi ya Katama Mkangi, kwa wapendao kusafiri nje ya dunia hii ili waitazame vema, Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, mojawapo ya zilizopata tuzo ya Mabati-Cornell, na Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ambayo Ida Hadjivayanis aliitia katika Kiswahili mwaka 2022, baada ya mtunzi wake kupewa Nobel, na sasa Yusuf wake azungumza kama ambaye hakupata kunena lugha nyingine.

Kwa wazee wenzangu nimeiacha ya mwisho Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Utubora aliacha kazi ya mshahara mjini akarudi shamba, akalima, na jirani zake wakastaajabu. Hapa Kiminini hatustaajabu, lakini ni tamu kumwona mtu wa jembe akiandikwa kwa lugha ambayo watungaji wengine huwawekea masultani. Ni kitabu chembamba. Turubai moja likikauka, nacho kimekwisha.

Mahindi yangu yalikwisha kuuzwa kabla ya Krismasi, na vitabu vimetawanyika kwa majirani kama ilivyo desturi. Siri ya Sifuri ilitoka nyumbani kwangu mwezi wa Januari. Aliye nayo asiharakishe kuirudisha. Ila akishaimaliza, na ampe mtu wa nyumba ya pili.