Je, Wajua? Bodi ya Gari Nayo ni Waya

Je, wajua kwamba bati la gari ni sehemu ya mfumo wake wa umeme? Umeme ukitoka kwenye betri hauishii kwenye taa. Sharti urudi ulikotoka. Ili kupunguza nyaya, watengenezaji huupeleka kwa waya wa chanya, kisha huurudisha kupitia bodi na injini hadi upande hasi wa betri. Mahali waya unapofungwa kwenye bodi ndipo mafundi wanapopaita ethi.

Gari likizeeka, kutu, oili na chumvi ya pwani hupenya kati ya waya na bati. Hapo ndipo vituko huanza. Unawasha indiketa, taa nyingine ya nyuma nayo inakonyeza. Unakanyaga breki, taa ndogo inafifia. Umeme uliozibiwa njia unajipenyeza kurudi kupitia balbu ya jirani.

Stata ndiyo inayoumbua ethi mbovu zaidi, kwa kuwa huvuta umeme mwingi, mara nyingi zaidi ya ampea 100. Ukinzani wa omu 0.02 tu, ukipitiwa na ampea 150, hula volti 3. Stata inalia "tik", injini haizunguki, na mwenye gari anakimbilia dukani kununua betri.

Kupima si kazi kubwa. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma takriban volti 12.6, injini ikiwaka na altaneta ikiwa nzima, karibu 14. Kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, na mwenzako apige stata. Mita ikizidi nusu volti, ugonjwa uko kwenye ethi. Chomoa betri, fungua nati, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake.

Wenye Land Rover kongwe wawe macho: magari mengi ya Uingereza, hadi miaka ya 1960, yalifungwa chanya kwenye bodi. Humo pimia upande wa chanya, na usifunge redio ya kisasa kabla ya kuhakikisha, maana itaungua.

Basi kabla hujanunua betri, stata au altaneta, pima ethi kwanza. Kipande cha msasa hakikufilisi.