Ufugaji wa Samaki Mpakani (Sehemu ya Tatu): Akiba Iliyomo Majini

Wiki iliyopita tulichimba kidimbwi na kuishindilia sakafu yake hadi ikashika maji. Leo tuyatazame maji yenyewe. Wafugaji wengi kuanzia Malaba hadi Nambale wanaijua pH: chini ya 7 maji yana tindikali, juu yake yana alkali, na ngege hustawi kati ya 6.5 na 9. Wameikariri vizuri. Lakini pH ya kidimbwi haitulii hata siku moja.

Mchana, mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hufyonza kaboni dioksidi, hewa ambayo ikiyeyuka majini huzaa tindikali. Ikipungua, pH hupanda. Usiku mwani, samaki na viumbe vya kwenye tope hupumua na kuirudisha, na pH hushuka mpaka alfajiri. Aliyepima saa kumi na mbili asubuhi na jirani yake aliyepima saa tisa alasiri wanaweza kubishana kutwa, na wote wawili wamesema kweli.

Kinachoamua pH iyumbe kwa kiasi gani ni alkalini, yaani wingi wa kaboneti na bikaboneti zilizoyeyuka majini. Ifikirie kama akiba ya chama: tindikali ikija, akiba hutoka kuikabili, na maji hayatikisiki. Hupimwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu katika kila lita. Chini ya 20 kidimbwi ni fukara. Mimi nisingeweka vifaranga kabla haijafika 50. Bahari ya Mombasa ina takriban 115, na pH yake hukaa karibu na 8.1.

Akiba ikikosekana, alasiri pH inaweza kuvuka 9. Hapo ndipo amonia itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula hugeuka kuwa hatari. Kwenye pH ya 7, katika maji ya nyuzi 25, sehemu yake yenye sumu haifiki hata 1 kwa 100. Kwenye 9 hukaribia 36 kwa 100. Amonia ni ileile, sumu si ileile.

Sasa turudi kwenye udongo wetu. Ardhi nyekundu ya Busia imeoshwa na mvua kwa karne nyingi hadi kalsiamu ikabaki kidogo. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009 ulilenga vidimbwi 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140, kila kimoja mita 300 za mraba. Mengi yalisemwa kuhusu vifaranga na chakula. Naamini chokaa, itokanayo na jiwe la kaboneti ya kalsiamu na inayoijaza akiba ya maji, ilistahili kutajwa kwanza.

Linaloniuma ni kwamba hatuko mbali na jiwe hilo. Ng'ambo tu ya Malaba, vilima vya Tororo vina mawe ya kaboneti ya kalsiamu ambayo viwanda vya saruji vimeyachimba tangu miaka ya 1950. Upande wetu, chokaa ya kilimo hutoka Koru.

Nunua hiyo ya kilimo. Kidimbwi kikiwa kikavu, imwage sakafuni na kwenye kingo: gramu 100 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 30 kwa kidimbwi cha mita 300. Udongo ukiwa na tindikali kali, ongeza hadi kilo 60. Uzuri wake ni kwamba haiwezi kuipandisha pH mbali kupita 8.3. Chokaa isiyozimwa ni habari nyingine kabisa: huichoma ngozi, huipandisha pH ghafla, na samaki waliomo watakufa. Itumie tu kuua wadudu katika kidimbwi kitupu, tena kwa uangalifu.

Wengi hupoteza chokaa yao kwa kuacha kijito kipite kidimbwini mchana na usiku wakidhani maji mapya ni afya. Kijito hicho huondoka na akiba yote. Yafunge maji, fidia tu yanayokauka au kuvuja, na baada ya mvua za masika pima alkalini upya.

Subiri wiki mbili baada ya chokaa kabla ya kutia mbolea ya fosfeti, la sivyo kalsiamu itaikamata na mwani hautaipata. Mbolea na samadi ndizo mada ya wiki ijayo.