Uhuishaji
Uhuishaji (nomino) ni ufundi wa kuzifanya picha tuli zionekane zinasogea. Neno limetokana na kitenzi huisha, yaani tia uhai, chenye nasaba na hai. Lisichanganywe na katuni, ambayo yaweza kuwa mchoro mmoja tu wa gazetini.

Tuseme mwanafunzi wa Masasi anachora kwa kompyuta bibo likianguka kutoka mkoroshoni. Sinema huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Kwake michoro 12 yatosha, kila mmoja ukikaa fremu mbili. Uhai haumo ndani ya mchoro wowote, bali katika tofauti baina ya mmoja na unaofuata: nafasi zikilingana, bibo hushuka kama unyoya; zikizidi kupanuka, huanguka kwa uzito wake.