Kabla ya Katavi, lala Inyonga

Anayepanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi kwa barabara huanza na swali moja: kutoka Tabora mpaka Mpanda ni mwendo wa saa ngapi? Zamani jibu lilikuwa refu, lenye vumbi, pancha na "Mungu akipenda". Lami imelifupisha. Unaondoka Tabora alfajiri, unapita Sikonge na Ipole, unavuka Mto Koga, na jua la mchana linakukuta Mpanda. Katika jibu hilo fupi Inyonga imegeuka mahali pa kununua soda na kunyoosha miguu. Makala haya ni ya kumwomba msafiri apange vingine, ausimamishe msafara pale na alale.

Inyonga ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mpanda iko upande wa magharibi, kilomita 130 hivi. Ni nchi ya Wakonongo, ingawa leo utawakuta pia Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wakulima wa tumbaku, na watumishi wa serikali kutoka kila kona. Kuuzunguka mji ni miombo, ule msitu wa mitundu, mininga na mikora unaofunika sehemu kubwa ya magharibi ya Tanzania. Mji wenyewe haukukaa kwenye ukingo wa mto mkubwa. Lakini kila kitu cha safari hii kinaamuliwa na mito: upande wa Tabora kuna Koga, unaopeleka maji yake Ugalla, na Ugalla unaingia Malagarasi, na Malagarasi unamwaga maji katika Ziwa Tanganyika. Upande wa kusini maji hushukia Ziwa Rukwa, ambalo halina pa kutokea.

Wasafiri wanaokuja na nyumba zao ndio nilionao akilini zaidi. Kuna Land Cruiser zenye hema la kukunjua juu ya paa, na kuna malori yaliyogeuzwa nyumba, ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo. Baadhi ni wageni wanaoizunguka Afrika, lakini hata familia za Dar es Salaam na Mwanza sasa zinanunua mahema na kuingia barabarani siku za likizo. Watu hawa hawahitaji hoteli. Wanahitaji ardhi tambarare, maji, usalama, na mtu wa kuwaambia ukweli kuhusu njia ya kesho.

Nao si wa kwanza kuitafuta kambi katika nchi hii. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alikuta njia ya kawaida ya misafara imefungwa na vita vya mtemi Mirambo dhidi ya Waarabu wa Unyanyembe, kule Tabora. Ikabidi azunguke kusini, apite Ukonongo. Njiani walipiga kambi kando ya mto uitwao Gombe, ambao si ile Gombe ya sokwe kule Kigoma. Palikuwa na maji, kivuli na nyama ya porini tele. Siku ya kuondoka ilipofika, Oktoba, wapagazi waligoma, wakataka wabaki zaidi, na ugomvi ule nusura umwage damu. Ukiusoma mkasa huo kwa macho ya mpagazi aliyebeba mzigo tangu Bagamoyo, unamwelewa: kambi yenye maji na kivuli haiachwi hivi hivi. Stanley huyo huyo ameandika pia jinsi Wakonongo walivyokuwa wakimfuata mlembe, yule ndege anayelia mbele ya mtu na kumwongoza mpaka kwenye mzinga wa porini, na jinsi walivyomletea masega ya asali kila siku. Karne moja na nusu imepita. Mlembe bado analia kwenye miombo, na asali bado ndiyo jambo la kwanza la kuulizia Inyonga.

Sasa twende kwenye kupanga. Kalenda yako iwe ya mto. Mvua za huku ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kabla barabara haijainuliwa, maji ya Koga yalikuwa yakipanda juu ya njia na kuyaacha mabasi yamepanga foleni pande zote mbili. Lami na daraja vimeondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo kwa anayebaki barabarani, ila mpiga kambi hutoka barabarani, na hapo ndipo udongo unapomhukumu. Miombo humea kwenye miinuko, penye udongo mwekundu au wa kichanga. Chini yake, mahali maji yanapokusanyika, huwa mbuga, yaani nyasi tupu juu ya udongo mweusi. Kiangazi mbuga inavutia sana: imefunguka, ina upepo, ina mandhari. Lakini mvua moja tu ikinyesha usiku, lori la tani nane linakaa hapo mpaka wanakijiji waje na majembe. Hema na gari viwe juu, kwenye mstari wa miti. Chagua kati ya Juni na Septemba. Juni na Julai usiku huwa na baridi ya kweli, wala usiniambie Afrika hakuna baridi, lete blanketi.

Mchanga mweupe wa kijito kilichokauka nao ni mtego. Unaonekana kama kitanda kilichotandikwa, lakini mvua ya mbali usiyoisikia inaweza kukiletea maji kabla hujaamka. Kwenye mito yenye maji ya kudumu kuna kiboko, ambaye usiku hupanda nchi kavu kula majani, na hurudi kwa njia ile ile kila siku. Ukiona njia pana iliyokanyagwa kutoka majini, usiegeshe hapo. Kuna mamba pia, na kuna kichocho kwenye maji yaliyotulia, kwa hiyo kuogelea kusiwemo kwenye ratiba, na maji ya kunywa yachemshwe.

Halafu kuna ndorobo. Hapa ndipo mji unapolishinda pori. Ndorobo hufuata kitu kikubwa cheusi kinachotembea, na gari ni kitu kikubwa cheusi kinachotembea. Hupenda rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na ndiyo maana shati lako la buluu libaki ndani ya begi. Mdudu huyu ameandika historia ya huku. Miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika, Ukonongo ikiwemo, kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa msitu, wanyama wakarudi, na ndorobo wakarudi pamoja nao. Ukubwa wa pori unalolisifia leo una mkono wa mdudu huyo ndani yake. Penye nyumba, mashamba na uwazi ndorobo ni wachache au hawapo, basi kulala pembezoni mwa mji wa Inyonga ni kula chakula cha jioni kwa amani.

Nyuki ni habari nyingine, na hapa naomba nikae kidogo. Ufugaji nyuki ndio utambulisho wa Inyonga. Mzinga wa jadi ni gogo lililotobolewa, au gamba la mti lililokunjwa, likatundikwa juu ya tawi kwa kamba, na mwenyewe hupanda usiku na mwenge wa moshi. Wafugaji wa hapa waliunda chama chao, na sehemu ya msitu wa Mlele ikatengwa kuwa eneo la ufugaji nyuki, ambamo wao wenyewe hushiriki doria dhidi ya wakata miti na majangili. Mizengo Pinda, mtoto wa Kibaoni katika mkoa huu huu, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alihubiri nyuki kila alipopata jukwaa. Ni biashara chache Mlele zinazomlipa mtu kwa kuuacha mti umesimama. Tumbaku inautaka mti uingie kwenye tanuri la kukaushia majani. Mkaa unautaka ndani ya gunia. Asali inautaka ukiwa na maua.

Mpiga kambi anayeingia katika nchi ya namna hiyo ana adabu za kushika. Kabla ya kuzima injini, tazama juu. Mzinga hauna kibao, unafanana na tawi nene, na chini yake si mahali pa hema wala pa moto wa kuchomea nyama. Kiangazi kikikolea, Septemba na Oktoba, nyuki wanatafuta maji kwa kiu ile ile uliyo nayo wewe: bomba linalovuja, beseni la vyombo na taulo lililoloa huwaita kwa mamia. Funika kidumu, mwaga maji ya vyombo mbali na gari, weka kando manukato. Mwenye mzio wa nyuki aje na dawa yake. Na moto uzimwe kwa maji mpaka majivu yawe baridi mkononi, kwa sababu cheche moja ya Agosti inaweza kula mizinga ya familia nzima.

Ukitaka asali, nunua kwa wafugaji wenyewe au kupitia chama chao, na msimu mzuri wa kuikuta mbichi ni baada ya mavuno ya katikati ya mwaka. Omba kuonja ya maua mbalimbali. Asali ya miombo inatofautiana kutoka nyeupe-njano hadi rangi ya chai nzito, na mfugaji hukwambia mti ulioitoa kama mwenye shamba anavyotaja mbegu yake. Afadhali zaidi, lipa mfugaji akupeleke msituni jioni ya siku ya pili. Ndiyo maana nasema ulale Inyonga, na ikiwezekana ulale mara mbili.

Kuna haki pia katika jambo hili. Pori la akiba la Mto Ugalla lilipopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, wavuvi na warina asali waliozoea kuliingia kwa vibali wakati wa kiangazi walikuta mlango umefungwa, maana sheria ya hifadhi ya taifa hairuhusu matumizi hayo. Naunga mkono kuulinda mto ule. Viboko wake na wavuvi wa Malagarasi wanauhitaji. Lakini aliyefungiwa mto lazima apate kitu kutoka kwa huyo anayekuja kuutazama. Mgeni anayepita Inyonga bila kusimama, akalipie lango la Hifadhi ya Katavi pale Sitalike na kuondoka, hajamwachia kitu. Anayelala, akanunua asali, kuku na uyoga, akamlipa mlinzi wa usiku na kijana wa kumwongoza, amemwachia.

Kwa hiyo halmashauri ya Mlele, pamoja na chama cha wafugaji nyuki na Wakala wa Huduma za Misitu, ingeweza kutenga kiwanja kimoja cha kambi. Nusu hekta inatosha, juu ya mwinuko, mbali na mizinga na kisima, karibu na mji kiasi cha mtu kwenda sokoni kwa miguu. Uzio wa miti hai. Vyoo viwili safi na bafu. Bomba lililofungwa vizuri. Banda la kupikia wakati wa mvua. Ubao wenye bei, ili mgeni na mwenyeji wasigombane.

La maana kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa, ni shimo la maji taka. Choo cha gari la kulala hukusanya uchafu kwenye tangi, na tangi hujaa baada ya siku chache. Asipopata pa kumwagia, dereva atamwaga gizani kando ya kijito, na kijito hicho kinaenda Koga. Baadhi ya dawa za vyoo hivyo huua vijidudu vinavyoozesha uchafu ndani ya shimo la kawaida, kwa hiyo shimo hili liwe la peke yake, lijengwe kwa saruji, lisitie kitu kwenye kisima wala kwenye maji ambayo nyuki wanakunywa. Asali ya Inyonga inauzwa kwa jina la usafi. Kisima kimoja kikichafuka, jina hilo linaharibika.

Mpaka kiwanja hicho kipatikane, mpango wa mwaka huu uwe hivi. Jaza mafuta Tabora na usitegemee kituo kingine mpaka Mpanda, hata kama utakikuta. Chukua pesa taslimu ndogondogo. Fika Inyonga saa kumi jioni, si usiku: ng'ombe, malori yasiyo na taa na wanyama hawajui lami mpya imejengwa kwa ajili ya nani. Omba kuegesha ndani ya uwanja wa gesti yenye ukuta au kwenye misheni, ulipe bila kuombwa, na uripoti kwa mwenyekiti wa eneo. Usijipigie kambi ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali cha Wakala wa Misitu, wala ndani ya maeneo ya wanyama bila ruhusa ya mamlaka yao, hata kama ramani ya simu inaonyesha kijani kitupu. Kwa mama lishe ulizia ugali na migebuka iliyotoka Ziwa Tanganyika kupitia Mpanda, na wakati wa mvua ulizia uyoga wa karanga.

Kesho yake, au keshokutwa, Mpanda ni mwendo wa asubuhi moja. Kutoka hapo Sitalike ni kilomita zisizofika 40 kuelekea kusini, kwenye daraja la Mto Katuma, ambako viboko hujazana kwenye madimbwi ya mwisho ya kiangazi. Malipo ya hifadhi na ya kambi zake hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa noti mkononi, basi yakamilishe Mpanda penye mtandao.